Pufini, ndege wanaowashinda wajuzi

Mvua inayonyesha kwenye nyanda za juu za Mutshatsha, ifuate Lualaba au ifuate mito inayoelekea Kasai, mwisho wake ni mmoja: Banana, pale mto Kongo unapomwaga baharini wastani wa mita za ujazo 41,000 hivi za maji kila sekunde. Shaba na abiria wana njia yao nyingine. Reli itokayo Tenke hupita Kolwezi, Mutshatsha na Dilolo, huvuka mpaka, kisha huteremka kilomita 1,344 ndani ya Angola hadi bandari ya Lobito. Ilifika mpakani mwaka 1929, ikaungana na mtandao wa Katanga 1931, vita ya Angola ikaifunga kuanzia 1975, na siku hizi imerudi vinywani mwa wanasiasa na wafanyabiashara kwa jina la Ukanda wa Lobito. Mkoa mzima wa Lualaba unajua treni hiyo hubeba nini kwenda magharibi. Kilichopo mbele ya gati, pale maji ya kijani yanapogeuka buluu, hakizungumzwi sana.

Kuna ndege. Kusini ya Lobito, mkondo baridi wa Benguela hukutana na maji ya joto ya Angola, na palipo na mkutano wa namna hiyo samaki wadogo hujazana. Huko hupita pufini, ndege wa bahari kuu ambao mtu anaweza kuishi pwani maisha yake yote asiwaone hata mara moja, kwa kuwa hawatui bandarini, hawagombei vichwa vya samaki sokoni wala hawakai juu ya mlingoti.

Pufini mdogo hazidi njiwa kwa umbo, mkubwa anakaribia bata. Wote wana mabawa marefu, membamba, yaliyokazwa, na juu ya mdomo wana vijibomba viwili vya pua, alama ya ukoo mzima wanaochangia na albatrosi. Hunywa maji ya chumvi bila madhara. Tezi zilizo karibu na macho huichuja chumvi na kuitoa kwa matone puani. Hunusa kuliko ndege walio wengi. Nchi kavu huja kuzaa tu: yai moja kwa msimu, ndani ya shimo la ardhini au ufa wa mwamba, kwenye kisiwa kisicho na panya wala paka, kama bado kipo. Huingia na kutoka usiku, maana miguu iliyowekwa nyuma mno haiwasaidii kutembea na mchana wangeliwa. Ni ndege wa umri mrefu. Mmoja aliyevishwa pete Ireland ya Kaskazini mwaka 1953 alikamatwa tena akiwa hai baada ya miaka 50.

Na husafiri. Pufini wa Cory, mwenye mdomo wa manjano, huzaa Azores, Madeira na Kanari. Majira ya baridi ya kwao yanapofika, wengi hushuka hadi maji ya Benguela, mbele ya pwani za Angola, Namibia na Afrika Kusini. Pufini mweusi wa kusini, yule mwenye mng'ao wa fedha chini ya bawa, ndiye aliyewashangaza watafiti zaidi. Vifaa vidogo vilivyofungwa miguuni mwa ndege wa New Zealand, matokeo yake yakachapishwa 2006, vilionyesha safari ya wastani wa kilomita 64,000 katika mwaka mmoja, kuzunguka Bahari ya Pasifiki yote na kurudi kwenye shimo lile lile. Ndege huyo huyo huzama kutafuta chakula hadi kina cha zaidi ya mita 60. Pufini mwingine alichukuliwa kisiwa cha Skokholm huko Wales mwaka 1952, akapelekwa Boston kwa ndege ya abiria na kuachiwa. Alirudi kwenye shimo lake kwa siku 12 na nusu, akivuka Atlantiki ambayo aina yake haikuwa na sababu ya kuivuka kwa njia hiyo.

Basi sifa zao ni nyingi. Tatizo huanza mtu anapotakiwa kuandika jina lao kwenye daftari.

Katika meli ya utafiti, mwangalizi wa ndege ni abiria tu katika safari ya wengine. Meli imekwenda kupima joto la maji, chumvi, wingi wa dagaa kwa mawimbi ya sauti. Yeye ameombewa nafasi ya kitanda na ruhusa ya kusimama juu, karibu na chumba cha usukani. Meli haitasimama kwa ajili ya ndege wake. Ndege akitokea omo upande wa kulia, ana sekunde kadhaa za kumtazama kabla hajashuka nyuma ya wimbi, na akitokea tena huenda akawa mwingine. Sitaha inapanda na kushuka, darubini nayo, chumvi imekauka kwenye kioo.

Kanuni inayofuatwa zaidi ilichapishwa na Mark Tasker na wenzake mwaka 1984. Mwangalizi huchagua upande mmoja wa meli, ule usio na mng'ao wa jua, na kuukadiria ukanda wa mita 300 kutoka ubavuni. Huhesabu kwa vipindi vya dakika kumi. Ndege wanaoelea ndani ya ukanda huhesabiwa wote. Wanaoruka huhesabiwa tu wale waliomo ndani kwa nukta ile iliyopangwa, kisha husubiriwa nukta inayofuata. Ukali huo una sababu: ndege huenda kasi kuliko meli, na ukimhesabu kila anayepita utarudi bandarini na bahari iliyojaa ndege wasiokuwapo. Wanaoifuata meli kwa tamaa ya mabaki ya samaki huandikwa kando. Pamoja na idadi huandikwa saa, mahali, upepo, hali ya bahari, joto la maji, na ndege alikuwa anafanya nini.

Kwenye safu ya jina, mara nyingi huandikwa: pufini, hakutambuliwa. Msomaji asiyeijua kazi hii huiona safu hiyo kama uvivu. Mimi huipima safari nzima kwa safu hiyo. Daftari lisilo na ndege hata mmoja asiyetambuliwa, baada ya wiki mbili za bahari iliyochafuka, ni daftari la kutiliwa shaka.

Mgeni huanza na rangi, na hapo ndipo anapopotea. Jua likiwa nyuma ya ndege, kila pufini ni mweusi. Likiwa mbele yake, hata mgongo wa kahawia hung'aa. Manyoya yaliyochakaa hupauka. Ndege anayebadilisha manyoya huonekana ana mistari ya weupe kwenye bawa, na mistari hiyo haimo katika picha yoyote ya kitabu. Ukubwa nao hudanganya, kwa kuwa baharini hakuna mti wala nyumba ya kulinganisha. Wazoefu huanza na mwendo. Anapiga mabawa mara ngapi kabla ya kuyakaza? Anapanda juu kiasi gani upepo ukivuma, na anachora upinde wake hewani kwa ulaini au kwa mkato? Mabawa yamenyooka au yamekunjika kifundoni? Kichwa kimeinuliwa au mdomo unatazama maji? Rangi huja baadaye kuthibitisha. Na upepo ukitulia maswali hayo yote hupoteza nguvu, kwa sababu pufini asiye na upepo hupiga mabawa kwa tabu, bila kufanana na yule wa jana.

Mahali pa kuona ugumu huu wote kwa pamoja ni upande wa pili wa bara, kwenye bahari ya Waswahili.

Kati ya 1959 na 1965 mataifa yalifanya uchunguzi mkubwa wa Bahari ya Hindi, kwa meli zaidi ya 40. Miongoni mwao ilikuwa Discovery ya Uingereza, meli mpya wakati huo, iliyozinduliwa 1962. Mwaka 1963 na 1964 ilifanya kazi upande wa magharibi wa bahari hiyo, na mmoja wa waliokuwemo, R. S. Bailey, aliwaandika ndege. Makala zake mbili katika jarida la Ibis, ya 1966 kuhusu pwani ya kusini mashariki ya Uarabuni na ya 1968 kuhusu magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa jumla, hunukuliwa mpaka leo. Hilo ni sifa kwake, na ni aibu kidogo kwetu sote tuliokuja baada yake.

Siri ya bahari ile ni kusi. Mabaharia wa majahazi waliujua upepo huo kwa faida ya safari: kaskazi iwashushe Zanzibar, kusi iwarudishe Uarabuni. Kumbe kusi hufanya kazi nyingine chini ya tanga. Huvuma sambamba na pwani ya Somalia na Oman kuanzia Juni hadi Septemba, na kwa nguvu ya mzunguko wa dunia husukuma maji ya juu mbali na nchi kavu. Pengo hujazwa na maji baridi kutoka chini, yenye rutuba. Mimea midogo ya bahari huchanua, samaki huifuata, ndege hufuata samaki. Pufini wa miguu ya waridi, ambaye huzaa kusini magharibi mwa Australia, huvuka Bahari ya Hindi nzima kuja kula karamu hiyo. Kwa mvuvi kusi ni msimu wa kuvuta mashua juu. Kwa mwangalizi wa pufini ndio msimu wenyewe.

Huko hukutana ndege watatu wa rangi moja, kahawia ya kukaribia weusi. Wa kwanza ni huyo wa miguu ya waridi: mzito, mabawa yamenyooka, mkia mfupi, mdomo wa waridi wenye ncha nyeusi. Ukiuona mdomo huo, kazi imekwisha. Wa pili ni pufini wa mkia mrefu, Ardenna pacifica kwa jina la kisayansi, anayezaa Shelisheli, ambako wenyeji humwita fouke. Ana mwili mwembamba, mdomo wa kijivu, mabawa yaliyosukumwa mbele na kukunjika kifundoni, na huelea polepole juu ya mawimbi. Wa tatu ni binamu tu wa pufini, mdogo kuliko hao wawili, ambaye Mfaransa Christian Jouanin alimtangaza kwa wanasayansi mwaka 1955. Huyu hushika mdomo wake mnene mweusi ukielekea chini. Kwa zaidi ya miaka 40 alihesabiwa baharini bila mtu kujua anakotaga, mpaka viota vyake vilipopatikana kwenye majabali ya Socotra.

Sentensi hizo zinasomeka kwa urahisi. Waweke ndege hao umbali wa mita 400, saa kumi jioni, kusi ikipuliza povu, ndipo utakapoelewa kwa nini safu ya wasiotambuliwa hujaa.

Wale wadogo, weusi juu na weupe chini, wamewashinda hata wenye mizoga mikononi. Karibu na Kenya, Tanzania na Komoro anayetarajiwa ni pufini wa tropiki. Kaskazini zaidi, Oman na Socotra, ni pufini wa Uajemi, mwenye ukahawia ubavuni na kwapani, na mdomo mrefu kidogo. Kati ya hao wawili kuna maji mengi yasiyo na mpaka uliochorwa. Mwaka 1995 wataalamu watatu, Hadoram Shirihai, Ian Sinclair na Peter Colston, walitangaza kuwa kuna spishi nyingine kabisa, nyeusi zaidi mgongoni, wakaipa jina Puffinus atrodorsalis. Vitabu vikaanza kuichora. Mwaka 2000 Vincent Bretagnolle na wenzake, waliowafuatilia pufini wa kisiwa cha Réunion tangu kwenye mashimo yao, walionyesha kwamba spishi hiyo mpya ni vijana wa pufini wa tropiki wenye manyoya ambayo hayajachakaa. Jina likafutwa. Watu hao watatu ni miongoni mwa macho makali ya ndege wa baharini duniani, na ninawataja kwa heshima: ikiwa wao walipotea, mimi na wewe tuandike kwa penseli.

Hapa Katanga inaingia kwa mlango ambao wengi hawaujui. Mwaka 1982 Mbelgiji Michel Louette, wa jumba la makumbusho la Tervuren, pamoja na C. W. Benson, walimtangaza kwera wa ziwa Lufira, Ploceus ruweti, kwa kielelezo kimoja tu kilichokusanywa mwaka 1960 karibu na Likasi. Miaka mitatu baadaye Louette, pamoja na Marc Herremans, aliwatenga pufini wa milima ya Mwali, kisiwa kidogo cha Komoro, kuwa aina ndogo ya pekee: temptator. Mtu mmoja, meza moja, kwera wa matete ya Lufira na pufini wa Bahari ya Hindi. Mwaka 2009 alirudi Lufira na Michel Hasson, wakawakuta kwera wale wakiwa hai na kusuka viota vyao. Ndege wa ziwani hupatikana ukirudi ziwani. Wa bahari kuu hana anwani ya kurudia, ndiyo maana daftari la meli lina thamani kuliko kumbukumbu ya mtu.

Ninaposikia mtu wa Kolwezi akisema mambo ya bahari si yetu, huwa nawafikiria cisticola. Mbuga zetu za majani, zile bondeni ambako maji hutuama wakati wa masika, zimejaa ndege hao wadogo wa kahawia wenye mistari, aina baada ya aina, ambao kwa manyoya hawatofautiani kitu. Mchungaji wa mbuzi anawajua. Huyu hupanda juu na kupotea machoni akilia, huyu hurukaruka chini chini, huyu huishi kwenye matete peke yake. Amewatambua kwa mwendo, sauti na mahali bila kuomba darubini. Huo ndio ufundi wa kumtambua pufini, ukiondoa sauti. Anayeuweza bondeni kwa cisticola hakosi msingi wa kuuanzia melini. Atakachokosa ni tumbo la kuvumilia mawimbi, na hilo hata mabaharia wengine hawana.

Wavuvi nao wana elimu yao. Pwani ya Kenya na Tanzania mvuvi wa jodari hutazama juu kabla ya kutazama chini: ndege wakikusanyika na kuzamia, jodari wanawasukuma samaki wadogo juu, na mshipi hutupwa hapo. Pufini wa mkia mrefu ni mmoja wa ndege wa makundi hayo. Ujirani huo una hatari yake, kwa sababu ndoano ndefu za meli kubwa za uvuvi huwanasa pufini na albatrosi wanaofuata chambo. Visiwani, panya na paka hula mayai na makinda. Réunion, taa za miji huwavuta chini makinda yanapoondoka shimoni kwa mara ya kwanza, na kila mwaka wakazi huwaokota barabarani kwa mamia. Baadhi ya miji imekubali kuzima taa katika majira hayo. Plastiki nayo imekutwa tumboni mwao hadi Australia.

Meli za kufanyia kazi hii zipo. Taasisi ya utafiti wa bahari ya Kenya, KMFRI, ina RV Mtafiti, ambayo zamani ilikuwa Zeeleeuw ya Wabelgiji wa Flandria. Upande wa Atlantiki, Dr Fridtjof Nansen ya Norway, inayopeperusha bendera ya Umoja wa Mataifa, imepima samaki wa Angola tangu 1985, na meli ya sasa, ya tatu kwa jina hilo, ilianza kazi 2017. Angola, Namibia na Afrika Kusini zilitia saini mkataba wa mkondo wa Benguela mwaka 2013. Kongo haimo katika mkataba huo. Tuna pwani ya kilomita 40 zisizotimia, Muanda na Banana, hifadhi ya mikoko iliyoundwa 1992, na bandari ya kina kirefu inayojengwa Banana. Maji ya mto wetu huonekana kwa rangi yake mamia ya kilomita baharini, na mpaka kati ya maji hayo ya kahawia na yale ya buluu ni mahali ambapo mwangalizi yeyote wa pufini angependa kusimama.

Ombi langu ni kwa vyuo vikuu vya Kolwezi na Lubumbashi, na kwa wizara inayosimamia mazingira. Kila safari ya utafiti inayopangwa kwenye maji ya Angola na mlango wa Kongo iombewe nafasi moja kwa mwanafunzi wa Kikongo, hata awe mzaliwa wa Mutshatsha ambaye hajawahi kuona wimbi. Apewe darubini, kamera na kanuni ya mita 300, na afundishwe tangu siku ya kwanza kwamba kuandika "hakutambuliwa" si kosa. Nanyi wasomaji wa Muanda, Watamu, Pemba au Salalah, mkiokota ndege mwenye vijibomba juu ya mdomo, tazameni mguuni. Kama ana pete, nakilini namba na maandishi yote yaliyomo, pigeni picha, mzipeleke kwenye ofisi ya wanyamapori au jumba la makumbusho lililo karibu. Ndege aliye hai asitupwe majini mchana: awekwe ndani ya boksi, mahali penye giza na utulivu, aachiliwe jioni akiwa anatazama bahari.